Mama na Vijineno vya Kiingereza

Mama aliamua kujifunza Kiingereza dada yangu alipotuambia kwamba anakuja nyumbani na binti yake. Dada anaishi Marekani, na huyo binti, wa miaka minane, hakuwa amewahi kumwona bibi yake ila kwenye simu. Kila Ijumaa walikuwa wakitazamana kwenye kioo, wanasalimiana, kisha maneno yanawaishia. Kisomali cha mtoto kilikuwa salamu tu. Mama naye hakujua Kiingereza hata kidogo.

"Wewe ni mwalimu," aliniambia siku moja tukiwa barazani kwetu, mtaa wa Waberi. "Nifundishe."

"Hooyo," nikamjibu mama yangu, "mimi ni mwalimu wa Kiswahili."

"Mwalimu ni mwalimu."

Tukaanza, kila siku baada ya sala ya alasiri. Majina ya vitu hayakumsumbua. Kikombe, mbuzi, mlango, aliyashika upesi, ingawa kila "p" kinywani mwake iligeuka "b". Vitenzi navyo vilikwenda vizuri mpaka tukafika kwenye "look". Nilimwambia ni kutazama, akaridhika. Kesho yake nikamwambia "look for" ni kutafuta, na "look after" ni kutunza. Akaweka chai yake chini.

"Ngoja. Huyo 'after' si ulisema ni baada?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ukitazama baada ya mtoto, ndiyo umemtunza?"

Maneno hayo nilikuwa nimeyatumia tangu shule ya msingi bila kuyauliza yanakwenda wapi. Nikamtajia "look down on", kudharau. Hilo alilikubali mara moja, kwa sababu mwenye dharau kweli hukutazama kutoka juu. Lakini "give up" lilimkatalia kabisa.

"Kutoa juu ndiyo kukata tamaa? Na huko juu ni nani anayepokea?"

Tukacheka. Lakini swali lake lilinifuata hadi darasani. Niliwafundisha wanafunzi tazama, tazamia, tazamana, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi Kiswahili kinavyoshona mkia kwenye kitenzi chenyewe, huku Kiingereza kikiweka kijineno pembeni, kama mpita njia, kisha kijineno hicho kinageuza kila kitu.

Wageni walifika mwezi wa Disemba. Baada ya siku chache tukakodi gari kwenda Eldas, kwa mjomba, ili mtoto awaone ngamia. Mama alikaa nyuma na mjukuu wake, mimi nikawa mbele na dereva. Dada alikuwa amelala akiegemea dirisha. Tulipoipita Wajir barabara ilianza kuturusha, na nikamsikia mtoto akimwambia bibi yake kwa sauti ndogo, "Ayeyo, I'm going to throw up."

Niligeuka. Mama alikuwa ameinua uso anatazama paa la gari, mikono yote miwili wazi, tayari kudaka. Kutupa alikujua. Juu alikujua. Nilipopiga kelele dereva asimame, mtoto alikuwa ameshatapika kwenye mtandio wa bibi yake.

Mtoto akaanza kulia, akiomba msamaha. Mama alimshusha, akamnawisha uso kwa maji ya chupa, akamkalisha kwenye kivuli cha gari. Kisha akaniita nitafsiri.

"Muulize kwa nini amesema juu, na kimekuja chini."

Nikamuuliza. Mtoto akaacha kulia ili afikiri. Akagusa tumbo, akapandisha kidole taratibu mpaka kooni. "Kwanza kinapanda," alisema.

Mama alifuata kile kidole kwa macho. "Wallahi, kweli," akasema. "Kinapanda."

Kuanzia hapo hawakunihitaji sana. Kule Eldas mtoto alimfuata bibi yake kila mahali, na siku ya pili ndiye aliyekuja kuniuliza. Amemsikia Ayeyo akimwambia ndama wa ngamia "soo soco", halafu akamwambia mtoto wa mjomba "sii soco". Mbona wa kwanza amekuja na wa pili ameondoka, na wote wameambiwa "soco"?

Mimi, niliyezaliwa nacho Kisomali, nilisimama pale kama niliyeulizwa jina langu nikalisahau. "Soco" ni tembea. "Soo" huuleta mwendo huku kwetu, "sii" huupeleka kule. Kumbe na sisi tunavyo vijineno, ila vyetu hutangulia kitenzi. Nilipomwambia Mama, alinishangaa.

"Hukujua? Sasa Kiingereza ulikuwa unaogopa nini?"

Waliondoka mwezi wa Januari. Mama hakulia mbele ya mtoto. Aliporudi ndani alisali magharibi, kisha akaniambia tuendelee na somo.

Tunaendelea mpaka leo. Mengine yanafunguka ukiyashika vizuri, mengine, kama "give up", hatujui nani aliyaweka hivyo. Siku hizi simu za Ijumaa zinarefuka, na mara nyingi mimi huwa jikoni.

Ijumaa iliyopita Mama alimuuliza mjukuu wake mbona havai lile gauni la kijani alilomtumia kwa Idi. Nilisikia jibu kutoka jikoni: "I grew out of it, Ayeyo."

Nilikuwa nakuja kutafsiri, Mama akaniinulia mkono nisubiri. Midomo yake ilikuwa ikilirudia lile neno polepole.

"Amekua," aliniambia hatimaye, "mpaka akatoka ndani ya gauni."

"Ndiyo, Hooyo. Halimtoshi tena."

Aliitazama simu. Mtoto alikuwa akimngojea, uso wake umejaa kioo kizima, mkubwa kuliko nilivyoukumbuka.

"Mwambie asimame ukutani," Mama akasema, "mama yake ampime kuanzia begani. Kesho nakwenda kwa fundi."