Pembetatu Iliyopinduliwa

Mwanangu, nikikuona unavyokariri hesabu zako za sekondari huku umefumba macho, nacheka peke yangu. Najiona mimi, enzi za Mwingereza, nikikaa kwa shangazi yangu Temeke. Nilikulia chuo cha Kurani, nikazoea kuhifadhi, na jometri nayo nikaiendea vivyo hivyo. Jioni nilikaa mkekani nikiyumba mbele na nyuma: "Upande AB sawa na AC, basi pembe B sawa na pembe C." Majirani walipita taratibu kwa adabu, wakidhani nasoma dini.

Siku moja Mwalimu Hiza akachora pembetatu ileile, ila kaipindua kichwa chini na kuiwekea herufi P, Q, R. Akaniita ubaoni. Nikasema bila wasiwasi, "Mwalimu, hii hatujafundishwa."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakugusa fimbo. "Kamfundishe mtu wa nyumbani kwenu," alisema. "Kesho ukishindwa tena, mtihani wa darasa la kumi hufanyi." Bila mtihani ule shule ndiyo ilikuwa basi. Nilirudi nyumbani nimenywea.

Sasa shangazi yangu, Mungu amrehemu, kwa ubishi mtaa mzima ulimvulia kofia. Nikamchorea mchangani, nikamwimbia maneno yangu.

"Nani kasema pembe hizo zinalingana?"

"Kitabu, shangazi."

"Mie hicho kitabu sikijui. Nionyeshe."

Nikaimba tena kwa sauti kubwa zaidi; akapiga mwayo. Kwa hasira nikakata pembetatu ya gazeti kuukuu, pande mbili sawa, nikaikunja katikati, upande juu ya upande. Pembe zikalaliana, hazikupishana hata kidogo. Nikaduwaa. Miezi yote ile nayaimba, kumbe sijawahi kuyaona. Nilifurahi, mwanangu, nikamkumbatia shangazi mpaka akanisukuma.

"Hapo sawa," akasema. "Ungeanza na hilo tungeshakula."

Kesho yake Mwalimu akailaza pembetatu ubavu, herufi nyingine kabisa. Nikaeleza. Akauliza kwa nini, nikajibu. Akauliza tena, nikajibu. Mwishowe akaniachia chaki, akaenda kukaa dawatini kwangu.

Basi hifadhi, sikukatazi. Ila unachohifadhi kamweleze mtu mbishi, na akikuuliza kwa nini, usinune, tafuta jibu. Mwenyezi Mungu akufungulie akili, akuonjeshe raha ya kuelewa. Na ukishaelewa njoo kwangu mbio, nami nitakubishia mpaka utoke jasho.