Kalamu ya Shamsul Hasan

Shamsul Hasan alifika Bombay mwaka 1951 kutoka Amroha, na mkewe Rafia, sanduku la bati na madaftari matatu ya mashairi. Nilimjua kwenye studio ya sinema, mtaani Dadar, nilikokuwa nikipiga ngoma za tabla. Alikuwa mfupi, mcheshi, mtafuna tambuu ambaye karatasi zake zote zilikuwa na madoa mekundu. Sauti ya wimbo ikishatungwa, alipewa nusu saa atie maneno. Dakika ishirini zilimtosha.

Wimbo uliompa jina ulikuwa wa mwanamke anayeiaga dunia. Aliuimba Nirmala Devdhar, binti wa miaka ishirini na miwili. Tuliurekodi Jumanne. Wiki iliyofuata Nirmala akafa kwa homa ya matumbo. Watu walilia, na sinema ikajaza majumba miezi mitano.

Mwaka uliofuata Shamsul aliandika wimbo wa askari anayejua kwamba harudi. Mwigizaji wa askari huyo, Chandrahas, aliangushwa na farasi mbele ya kamera akavunjika shingo. Hapo minong'ono ikaanza.

Seth Motichand, mwenye studio, alimwita ofisini. Mlango ulikuwa wazi, nasi wapiga muziki tulisikia kila neno.

"Shamsu bhai, ndugu yangu, usinielewe vibaya. Kalamu yako ina kisirani."

"Seth, mimi naandika tu maneno ya anayekufa. Anayemuua ni mwandishi wa hadithi. Mbona yeye humwiti?"

Seth hakucheka. Kesho yake ndimu na pilipili mbichi zilitundikwa mlangoni mwa chumba cha kurekodia kufukuza kisirani. Waimbaji waliokutana na Shamsul ngazini walisimama wakaangalia ukuta mpaka apite. Mimi nilikuwa nikimwamkia, lakini mkono mmoja ulikuwa mfukoni, umeshika hirizi ya mama yangu.

Kazi zikakauka. Mwishowe Seth akaja na shauri: aandike, ila jina litakaloonekana kwenye skrini liwe la Girish Mathur, mtu mwenye nyota nzuri. Shamsul akakubali. Kwa miaka sita tulisikia maneno yake redioni, na mtangazaji akimsifu Mathur. Na katika miaka hiyo sita hakufa mtu. Nadhani hilo ndilo lililommaliza. Matusi angeyavumilia, lakini sasa na yeye alianza kuhesabu. Utani ukamtoka. Akawa hataki hata kumwandikia barua ya pole mtu aliyefiwa.

Kisha Rafia akaugua kifua. Siku moja kwenye mgahawa wa Muirani, chai ikipoa mbele yake, Shamsul aliniambia mkewe anamwomba jambo.

"Ananiambia, 'Umewaandikia wanawake wa Bombay nzima. Mimi hata mstari mmoja sina.' Anataka wimbo wake, Damodar."

Nikamuuliza kwa nini hamwandikii. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hampi mkewe sumu.

Rafia aliomba tena mvua zilipoanza. Shamsul alimdanganya kwamba anautafutia vina. Aliomba mara ya tatu kwa macho tu, kwa kuwa pumzi ilikuwa imekwisha. Alifariki mwezi wa Agosti, mchana, maji yakiwa yamejaa uchochoroni kiasi kwamba jeneza lilibebwa juu ya vichwa.

Tuliporudi kutoka makaburini Shamsul alinishika kiwiko.

"Sikuandika," akasema. "Na bado amekufa."

Haukupita mwezi akaenda kwa Seth akadai jina lake lirudi kwenye nyimbo zake. Seth akamwonyesha mlango. Alizunguka mjini karibu mwaka mzima, mpaka mtengenezaji mmoja mdogo wa Andheri akampa sinema yenye wimbo wa mazishi. Mwimbaji Vatsala Kirtikar akakubali kuuimba. Kwenye tabla, Shamsul alisema anamtaka Damodar, yaani mimi.

Nilituma ujumbe kwamba nina homa. Sikuwa na homa. Siku hiyo nilikaa chumbani kwangu dirisha likiwa limefungwa, na kwa wiki mbili kila asubuhi nilifungua gazeti kwenye ukurasa wa vifo kwanza.

Vatsala hakupatwa na kitu. Shamsul aliandika kwa jina lake miaka kumi na mmoja zaidi, bila umaarufu mkubwa, hadi alipofariki mwenyewe. Nilikutana naye sokoni siku chache baada ya ule wimbo kurekodiwa. Akaniuliza kwa upole kama homa imeshuka.

"Imeshuka, bhai," nikasema.

Hakuniita tena kupiga.