Daftari la Penseli na Skana ya Kanisa

Kabla ya kufunga ofisi ya kanisa kila jioni nilikuwa na mzunguko wangu. Dirisha la mashariki, dirisha la magharibi, kabati la vitabu vya ubatizo, kabati la vikombe vya meza ya Bwana, sanduku la sadaka, kisha mlango. Chochote chenye kufuli kilifungwa, na kila nilipofunga nilisema ahsante kwa siku hiyo. Nilifundishwa hivyo nikiwa kijana katika chuo cha Biblia: mali ya kanisa si yako, kwa hiyo ilinde kuliko yako. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi na siijutii, isipokuwa kwa wiki mbili ambazo nitazisimulia hapa.

Wakati huo Bariadi ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Pamba, ambayo zamani ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, sasa ilikuwa na wanunuzi wengi, kila mmoja na mizani yake na turubai lake kando ya barabara. Mitumba ilijaa minadani: mashati, baiskeli, redio, magodoro, na mwishowe hata kompyuta. Yetu hatukuinunua. Ililetwa na marafiki wa kanisa wa ng'ambo, katika boksi moja na printa na skana, chombo bapa chenye kifuniko, kipana kama sinia la wali. Ukilaza karatasi juu ya kioo chake, taa hupita chini yake na picha ya karatasi ile hutokea kwenye kompyuta. Hakikuwa kipya. Kwenye kona mtoto wa huko alikuwa amebandika stika ya twiga, nami nikafurahi, nikasema basi kimerudi nyumbani. Akina mama wakakifumia kitambaa cheupe cha kukifunika. Mimi nikakifuta vumbi juu na chini, nikakiweka mezani.

Tulikihitaji kwa ajili ya mtu mmoja, mwalimu wetu wa kwaya.

Mwalimu huyo alikuwa na daftari moja. Humo alikuwa ameandika nyimbo zake zote za Kisukuma, maneno na nota, kwa penseli. Nota zake zilikuwa za herufi: d, r, m, f, na kati ya herufi kuna nukta na nukta mbili zinazoeleza sauti ishike kwa muda gani. Ukikosea nukta moja, sauti ya nne inafika mwisho wa mstari wakati ya kwanza bado iko njiani. Sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Daktari alimwambia ukungu ule hautaondoka, ila herufi kubwa na nyeusi angeendelea kuziona. Penseli yake ilikuwa ndogo na imefifia.

Sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia. Kwaya za Lingeka na Bukundi zingekuja kuimba pamoja na yetu wimbo mrefu alioutunga zamani, ambao hata yeye hakuukumbuka wote. Alituambia waziwazi: kama hataweza kuusoma, atakabidhi fimbo ya kuongozea na kukaa nyuma na wazee wengine. Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana iliniuma.

Tulijaribu njia nyepesi kwanza. Binti mmoja wa kwaya, anayejua nota, alinakili ukurasa kwa mkono. Wakauimba, na Mwalimu akasimamisha kwaya mara nne kwenye mstari wa kwanza. Tukalipeleka daftari mjini kwenye mashine ya fotokopi. Karatasi ikatoka nyeupe kama imefuliwa.

"Skana itaiona penseli," alisema shemeji yangu. "Kisha ndani ya kompyuta naweza kuitia weusi na kuikuza."

Shemeji huyu ni mdogo wa mke wangu. Alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba mpaka kiwanda kiliposimama, ndipo akaenda Mwanza kujifunza kompyuta. Kanisani alikuwa anaingia siku za harusi. Lakini mikono yake ilikuwa ya kazi, na mdomo wake pia.

Tatizo la kwanza, kompyuta ilikuwa imeliwa na virusi na haikuwaka vizuri.

"Ninayo diski ya mfumo wa kompyuta, nimetoka nayo Mwanza," alisema. "Nusu saa tu, inafufuka."

"Imenunuliwa?"

"Imenakiliwa."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Shemeji, nchi nzima inatumia hiyo."

"Nchi nzima haitanijibia mimi siku ya mwisho."

Akacheka. "Dada yangu aliolewa na mtu mgumu. Basi iko nyingine, inaitwa Linux. Hiyo ni ya bure, na walioitengeneza wanataka uinakili uwape na wengine."

"Wanataka?"

"Wanakuomba kabisa."

Nilifikiri juu ya watu nisiowajua, katika nchi nisizozijua, wanaokaa na kufanya kazi ngumu kisha wanaitoa tu. Niliwaombea siku ile, na nimewaombea mara nyingi tangu hapo.

Akaiweka hiyo ya bure, kompyuta ikawaka. Lakini diski iliyokuja na skana ilijua ule mfumo wa kuuzwa tu. Kwa huu wa bure ilibidi kila kitu kielezwe kwa maneno, mstari kwa mstari, kwenye skrini nyeusi. Shemeji akaandika amri ya kutafuta skana. Mashine ikajibu kwa Kiingereza kwamba haioni skana yoyote.

"Iko hapo mbele yako," nikaiambia kompyuta.

"Haisikii Kiswahili," alisema shemeji. "Ngoja niingie kama mkuu."

Katika mfumo ule kuna mtumiaji mmoja aliye mkuu, anayeruhusiwa kila kitu, na wengine wote wanaruhusiwa walichopewa. Alipoingia kama mkuu, skana ikaonekana mara moja.

"Kumbe ilikuwapo," alisema, "ila sisi wadogo tulikuwa hatujaruhusiwa kuigusa."

Hilo nililielewa kuliko yeye. Hata kwetu si kila muumini anashika ufunguo wa kabati la vikombe. Akaniandika kwenye kikundi cha wanaoruhusiwa, akaniambia nichague neno la siri. Nikachagua Zaburi pamoja na namba yake.

"Shemeji, mwizi wa ofisi ya kanisa ataanzia hapo hapo."

Nikachagua jina la fahali wa marehemu baba yangu. Silitaji hapa kwa sababu bado nalitumia.

Baada ya hapo ikaja kazi ya faili. Skana ya aina ile haikumbuki kitu. Kila ikiwashwa inasubiri ipewe faili moja ya kuielekeza namna ya kufanya kazi, na faili hiyo ilikuwa imefichwa ndani ya ile diski yake. Shemeji akaichimbua, akaiweka mahali pake, kisha akaandika kwenye faili ya mipangilio njia ya kuifikia. Haikusoma. Siku nzima alikaa akitazama mstari mmoja. Mwisho akagundua kwamba mbele ya mstari ule kulikuwa na ile alama ya reli, #, na mstari wenye alama hiyo mfumo unaupita kama haujaandikwa. Akaifuta. Taa ya skana ikawaka nyeupe chini ya kifuniko, nami nikasema ahsante kwa sauti.

Nilishukuru mapema. Taa iliwaka, ukasikika mlio wa krrr, krrr, krrr, kama meno yanayosagana, kisha kimya. Kompyuta ikaandika kwamba kuna kosa.

Hapo ndipo tulipokwama. Shemeji alibadilisha waya. Alipunguza kasi kwenye mipangilio, akaiongeza, akairudisha. Alifuta mistari na kuiandika upya. Alilaumu umeme wa Bariadi, ambao ulistahili lawama nyingi lakini si hiyo. Kila alasiri alikuja, kila jioni aliondoka akiwa na vumbi la kompyuta kwenye nyusi, nami nikafanya mzunguko wangu, nikafunga, nikaenda nyumbani kumwombea.

Alhamisi ya mwisho kabla ya sikukuu, Mwalimu alikuja ofisini mwenyewe, akipapasa ukuta wa baraza.

"Mwadila," alitusalimia.

"Mwadila, Mwalimu. Karibu ukae."

Hakukaa. Aliweka fimbo yake juu ya meza, kando ya skana.

"Nimeileta. Mpeni yule binti. Ana haraka, lakini haraka inapona."

Shemeji aliitazama fimbo ile, hakuigusa. Nadhani kwa kukwepa kuipokea, akabonyeza tena. Krrr, krrr, krrr.

Mwalimu aligeuza kichwa. "Ndiyo hicho chombo?"

"Ndicho. Kibovu, guku," alisema shemeji, akimwita babu kama tunavyowaita kwetu. "Injini yake imekufa."

"Rudia."

Krrr, krrr, krrr. Mwalimu aliinama, akalaza kiganja juu ya kile kitambaa cha akina mama. "Rudia tena." Shemeji akarudia.

"Hakijafa," alisema Mwalimu. "Kitu kibovu kinalia ovyo, leo hivi, kesho vile. Hiki kinalia sauti moja, mara tatu, kinaishia pale pale. Kinataka kwenda, kimefungwa. Nani amekifunga?"

"Hakuna aliyekifunga, Mwalimu," nikajibu.

Masikio yangu yakaanza kupata moto.

"Kufuli," nilisema.

Shemeji aligeuka polepole. "Kufuli gani?"

"La tumboni. Dogo. Pembeni yake pamechorwa picha ya kufuli. Nililiona siku ile nilipokuwa nakifuta vumbi, nikalifunga."

"Tangu siku ile?"

"Na kila jioni ninapofunga ofisi napitisha mkono chini kuhakikisha."

"Kila jioni."

"Kila jioni."

Alikaa sakafuni kabisa. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa anacheka mpaka hana pumzi. "Nimevuruga mipangilio ya watu wiki mbili," alisema alipoweza, "nikiondoka, shemeji anapita nyuma yangu anahakikisha haitafanya kazi."

"Na anashukuru Mungu," aliongeza Mwalimu.

Nilimwomba radhi kila mmoja. Shemeji alisema kosa ni lake pia, maana hakuwahi kukigeuza. Kufuli lile, alinieleza, halihusu wezi. Ni la safari tu, ili kile kinachobeba taa ndani kisigongegonge barabarani. Tukakigeuza, nikalifungua mwenyewe kwa ukucha.

Safari hii taa ilitembea. Ilikwenda kutoka juu hadi chini taratibu, bila kelele, ikarudi mahali pake. Kwenye skrini ukatokea ukurasa wa daftari, penseli na mikunjo na hata alama ya kikombe cha chai. Shemeji akazidisha weusi, akakuza, akachapa. Mstari mmoja ulijaza upana wa karatasi, herufi kubwa kama za kibao cha dukani.

Mwalimu aliipeleka karatasi mlangoni penye mwanga, akaisogeza karibu na uso. Midomo yake ikaanza kutembea. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, akafika katikati ya wa tatu, akasimama.

"Hapa kuna nukta," alisema.

"Umeiona?" nikamuuliza.

"Nimeiandika mimi, halafu nikaisahau. Hapa sauti zote zinatakiwa kunyamaza pigo moja. Miaka yote hii tumepita hapa mbio kama ng'ombe wanaoona maji." Akacheka peke yake. "Nipeni fimbo yangu."

Ijumaa na Jumamosi aliifundisha kwaya nukta ile, na waliokuja kutoka Lingeka na Bukundi walikuta inabidi wajifunze upya wimbo waliodhani wanaujua. Walinung'unika kidogo. Jumapili kanisa lilijaa, na magunia ya mavuno yalipangwa mbele. Mwalimu alisimama na karatasi zake kwenye stendi ya nota, pua karibu inagusa, na walipofika pale kwenye mstari wa tatu akainua fimbo. Kwaya tatu zikanyamaza pamoja. Katika pigo lile moja nilisikia kengele ya ng'ombe nje barabarani, kisha sauti zote nne zikaingia kwa wakati mmoja. Shemeji alikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani.

Jioni nilifanya mzunguko wangu. Madirisha, kabati, kabati, sanduku. Mkono wangu ukaenda wenyewe chini ya skana, na vidole vikakutana na karatasi iliyogundishwa hapo kwa plasta ya kuzungushia waya, yenye mwandiko wa fundi: "Shemeji, acha." Nikaacha, nikasema ahsante, nikafunga mlango.