Fisi kwenye Ukuta wa Zizi

Mwanamke huyu ni fundi wa mabango, na watu wamezoea kumwita Mama Brashi. Ukiona kichwa kilichonyolewa vizuri juu ya mlango wa kinyozi, au ng'ombe anayetabasamu kwenye bucha utadhani hajui kinachoendelea ndani, ujue mkono wake umepita hapo. Ana desturi moja ya kazi: haweki rangi ya mwisho mpaka mwenye ukuta asimame mbele ya picha na kuikosoa. Mteja akishakosoa na kurekebishiwa, picha huwa yake, na hataki tena mtu aiguse hata kwa kidole.

Wanyama wa porini alianza kuwachora bila kutumwa na mtu. Siku moja akienda kazini alikuta mzoga wa ng'ombe kando ya njia, umetiwa sumu ya kuulia fisi, na tumbusi wamelala kuuzunguka, mabawa wazi, wote wamekufa. Fisi mwenyewe hakuwepo. Mama Brashi alishikwa na hasira asiyojua aipeleke wapi, basi akachora. Alimchora tumbusi kwenye ukuta wa soko na kakakuona nyuma ya mashine ya kusaga, bila kuandika neno lolote la kuhubiria watu. Walimcheka mpaka mbavu zikawauma.

"Mama Brashi, umekosa mnyama mzuri wa kuchora?"

"Wazuri wana watetezi tele," akawajibu, akaendelea na kazi yake.

Halafu mambo yakafika nyumbani. Fisi alimla mbuzi jike mwenye mimba wa kaka yake, mfugaji, tena yule aliyempenda kuliko wote. Wifi mtu akamvuta Mama Brashi pembeni.

"Wifi, kaka yako ameleta sumu. Kopo liko juu ya kabati. Anasema akifa mbuzi yeyote kwa ugonjwa, mzoga anautia sumu na kuutupa bondeni. Mimi nimesema hadi nimechoka."

Mama Brashi alimjua kaka yake vizuri. Yule ukimwambia asifanye jambo, ndiyo kwanza umemharakisha. Kwa hiyo hakugusia sumu hata kidogo. Aliomba tu ukuta wa zizi, ule unaotazamana na birika la kunyweshea, na kaka, akidhani anachorewa mbuzi wake, akakubali huku anachekelea.

Alipoona ni fisi, macho yalimtoka pima.

"Wewe! Unaniletea mwizi wangu mlangoni?"

"Bado sijamaliza, kaka. Kasoro iko wapi?"

"Kasoro ni huyo mwenyewe!"

Wifi akatoka jikoni, akatazama, akashika kiuno. "Makubwa! Wifi, huyo fisi umempamba kuliko ulivyonipamba mimi siku ya harusi yangu."

Kaka hakucheka, lakini hakuondoka pia. Alisimama palepale, amekunja uso, na baada ya muda akaanza kunung'unika kama mteja mwingine yeyote: mgongo haujashuka vya kutosha kwa nyuma, madoa yamekuwa makubwa mno. Mama Brashi akawa anarekebisha tu.

"Na sikio siyo," kaka akasema. "La kushoto limechanika mpaka chini. Halafu hapo miguuni weka shimo. Ana mtoto humo, mweusi bado."

Mama Brashi aliacha kupaka. "Umewaona wapi?"

"Bondeni. Nilikwenda na mkuki, nikajificha." Aligeuka kuwatazama mbuzi wake birikani. "Mtoto akatoka, akawa anamvuta mama yake mkia, anataka kunyonya. Nikashindwa. Nikasema nitafute kitu kitakachoimaliza kazi mimi mwenyewe nisiwepo."

Mama Brashi alichanganya rangi nyeusi, akachora shimo, akamchora na mtoto akichungulia. Kaka alielekeza kila kitu mpaka pua. Alipoulizwa kama sasa imekaa sawa, alitikisa kichwa kukubali, akaingia ndani. Alirudi na kopo mkononi.

"Sijamsamehe," akasema. "Akirudi nitamtimua kwa mawe, na hili lango nitalijenga upya. Lakini sumu hii ondoka nayo leo hii. Ikibaki humu, siku nikipandwa na hasira nitaitumia."

Mama Brashi alilipokea kopo kwa mikono miwili. Kizibo chake kilikuwa hakijafunguliwa. Machozi yakamtoka palepale, mbele ya kaka yake na mbuzi waliokuwa wakinywa maji.