Kiganja Changu na Mizani ya Dhahabu

Mtu aliyeanzia maisha mdomoni mwa shimo huwezi kumshtua na kitu. Hilo nalisema waziwazi. Nimeona duara, shimo la wachimbaji, linameza magogo yake lenyewe. Nimeona mtu anaamka maskini, saa kumi anaulizia bei ya gari, kesho kutwa anaomba nauli. Nilipofika miaka arobaini na saba nilijua nimeshamaliza kushangaa.

Shule niliishia darasa la tano. Ufundi nimeuokota kwenye machimbo madogo karibu na Bulyanhulu, ambako kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukaa juu ya duara nikilinda feni inayosukuma hewa kwa wenzangu waliokuwa chini. Feni ikizima, watu wanakufa. Pale nilijifunza kuisoma mota kwa sauti, kama mama anavyosoma kilio cha mwanawe. Kutoka kwenye feni nikaenda kwenye friji za wauza soda, kutoka kwenye friji nikaingia kwenye viyoyozi. Leo ukipita Kalangalala, hapa Geita mjini, ukaona dude jeupe linadondosha maji ukutani, huenda nililipandisha mimi, kwa ngazi yangu. Hakuna aliyenifundisha. Hata gesi nilikuwa najaza kwa kiganja: unafungua mtungi, unashika bomba nene, unasikilizia baridi inavyopanda mpaka mkono ukwambie basi. Wateja waliniita Daktari, kwa sababu nilishika bomba kama anayepima homa.

Basi tajiri mmoja, mnunuzi wa dhahabu, akajenga loji ya vyumba ishirini na vinne. Kila chumba kiyoyozi chake. Tulipatana laki moja na ishirini kufunga kila kimoja, tukapeana mkono. Wiki moja baadaye akanijia na sura ya mtu aliyeuziwa shaba.

"Fundi, benki wamekataa kuachia mkopo wa kumalizia. Wanataka mkandarasi mwenye leseni."

"Waambie nipo."

"Nimewaambia. Wameuliza una karatasi gani."

"Waalike ofisini kwako wasikie baridi yangu."

"Benki haisaini baridi, ndugu yangu. Kuna kampuni ya Mwanza ina leseni zote. Kwa heshima yetu nakupa miezi miwili. Ikipita, nawapigia."

Mbele yake nilicheka. Nyumbani sikucheka. Vyumba ishirini na vinne ni kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kushika, na nilijua kila loji itakayojengwa kwa mkopo baada ya hapo ingefuata njia hiyohiyo. Mimi ningerudishwa kwenye friji za soda.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "si ukafanye huo mtihani?"

"Mkoa huu nani wa kunitahini mimi?"

"Mwenye karatasi."

Utaratibu wenyewe uko hivi. Sisi wa mtaani tunakwenda kwanza chuo cha ufundi kuonyesha mikono, ukifaulu unapewa cheti. Cheti kinakupeleka bodi ya makandarasi, bodi inakuandikisha daraja la chini kabisa, ndipo halmashauri inakupa leseni ya biashara. Nikalipa ada ya mtihani, laki na nusu, nikapanda basi la alfajiri kwenda Shinyanga.

Alinipokea binti mwenye ovaroli safi na kalamu sikioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mwalimu yuko wapi?"

"Ndiye mimi. Karibu."

Nilikata bomba, nikalikunja, nikalipanua mdomo. Alipitisha kidole pale kwenye mdomo, akaitikia kwa kichwa.

"Kazi safi sana hii, baba."

"Andika kwa wino mzito."

Ikaja zamu ya gesi. Nilifungua mtungi, nikashika bomba, nikafumba macho kama kawaida yangu. Nilipofumbua, nikakuta anautazama mtungi wangu sakafuni, na pembeni yake mizani ambayo sikuigusa.

"Baba, umejaza kiasi gani?"

"Kinachotosha."

"Gramu ngapi?"

"Binti, mkono huu una miaka ishirini kazini."

"Unatokea Geita, sivyo?"

"Ndiyo."

"Ukipata dhahabu, unamuuzia mnunuzi kwa kiganja?"

Wanafunzi waliokuwa karibu waliangua kicheko. Na mimi, niliyejua nimemaliza kushangaa, nilishangaa palepale, bomba mkononi. Kwetu hakuna mtu anauza chembe ya dhahabu, hata iwe ndogo kama yai la chawa, bila mizani. Tunaipima mara mbili, tunagombana kwa sifuri na nukta. Halafu mimi huyohuyo najaza mashine ya watu kwa kupapasa.

Alipima nilichojaza. Nilizidisha karibu nusu nzima. Nikakumbuka mashine tatu nilizofunga Bugarama, zilizokufa kompresa kabla ya mwaka. Nilisingizia umeme. Wenye mashine walikubali, maana umeme hauna wakili.

Kwenye gesi nilipata sifuri. "Rudi baada ya wiki tatu, baba," akasema, wala hakunicheka. Nikatoka nikamnunulia soda ya elfu moja, nikamletea.

"Asante baba, lakini siruhusiwi kupokea kitu kwa mtahiniwa."

Niliinywa mwenyewe stendi, imeshapata moto.

Geita nikafika na hoja moja kichwani: nahitaji mizani ya kufanyia mazoezi. Nani ana mizani ya kweli kuliko mnunuzi wa dhahabu? Nikaenda kwa tajiri.

"Niazime mizani yako dakika tano."

"Ya nini?"

"Masomo."

Akanipa, nikaenda nayo barazani nyuma ya duka, ambako nilikuwa nimeweka mtungi wangu wa kilo kumi. Mizani ile ilikuwa imepima jasho la nusu ya mji. Nikasema moyoni, anayeijua robo ya gramu atashindwaje kilo kumi? Nikaupandisha mtungi polepole, kwa heshima zote. Mizani ililia mara moja, pii, ikazima, kisahani kikalala upande kama kofia ya mlevi.

Tajiri akatoka. Akaitazama mizani, akautazama mtungi.

"Fundi. Hii mwisho wake nusu kilo."

"Sasa ndiyo unaniambia?"

"Si ulisema masomo!"

"Ndiyo masomo yenyewe haya!"

Nilimwona anafungua mdomo. Nikajua akitamka neno Mwanza muda ule, habari yangu imekwisha. Nikauliza bei, akasema laki nne na ishirini. Nilikwenda nyumbani, nikarudi nayo yote kabla hajamaliza kukusanya vipande. Alihesabu, akazitia mfukoni.

"Anayelipa kabla ya kudaiwa, huyo namsubiri. Lakini miezi ni ileile miwili."

Nikaagiza mizani halisi ya gesi, laki moja na themanini na tano. Wiki tatu nilifanya mazoezi uani, mimi nashika bomba nakisia, mke wangu anasoma namba. Alifurahia mno.

"Umezidisha mia mbili, Daktari. Mgonjwa amekufa."

Mwisho nilikuwa nakosea gramu thelathini tu kwa kiganja. Nitajie fundi mwingine anayeweza hivyo. Lakini sikitegemei tena.

Shinyanga mara ya pili nililipa ada ileile, nauli ileile. Nilijaza mpaka gramu ya mwisho, nikafunga koki, nikamwachia binti asome mwenyewe.

"Umefaulu, baba."

"Najua," nikamwambia. Kisha nikamshukuru, na nilimaanisha.

Bodi walinimaliza laki sita, halmashauri laki mbili, wakili wa kugonga mihuri hamsini elfu. Leseni niliipata zikiwa zimebaki siku nne. Tajiri aliinyanyua kwenye mwanga kama noti ya mashaka, akaipindua, akawapigia benki mbele yangu. Viyoyozi ishirini na vinne nilivifunga mwenyewe, vyote kwa mizani, na hakuna hata kimoja kilichoniita kurudi. Halafu nikaenda Bugarama, nikazipima gesi upya zile mashine tatu, kwa sababu hata kompresa mpya nilizijaza mimi kwa kiganja. Sikutoza hata mia. Nikawaambia ndiyo huduma ya mkandarasi mwenye leseni. Hilo la kusingizia umeme nimelisema hapa tu.

Karatasi ile nimeitundika juu ya meza yangu, na picha yangu ya suti ndani yake. Mafundi wanakuja, wanaitazama, wananong'ona eti nilihonga mamilioni. Nawajibu kiume: mihuri na ada zote, mitihani miwili, mizani mbili, moja ya gesi na moja ya kuvunja, nauli za safari mbili sitini na nane elfu, picha za pasipoti elfu tatu, pamoja na ile soda ya moto, imenigharimu shilingi milioni moja, laki nane na ishirini na saba elfu.