Kijumba cha Warumi na Kijumba cha Shangazi

Mheshimiwa mwenyekiti wa ukoo, wazee, akina mama, na nyie vijana mnaosoma huku mkicheka:

leo hapa Majimoto mwenyekiti wetu alimuuliza mgeni Mwitaliano swali alilolikariri wiki nzima.

"Dove tenevano gli dèi di casa?"

Yaani, Warumi wa kale waliiweka wapi miungu ya nyumbani?

Mgeni akajibu kwa Kiswahili: "Kwenye kijumba kidogo ukutani. Waliipa sehemu ya chakula chao."

Tukapiga makofi. Ustaarabu ulioje!

Ndipo shangazi yake mwenyekiti, Bibi Nyamizi, akasimama.

"Mwanangu, kijumba changu cha mizimu ulikibomoa Jumatatu, ukasema uchawi. Cha Warumi mbona unakipigia makofi?"

Mwenyekiti akarudia swali lake la Kiitaliano.

Wazee wameamua: Jumamosi kila kaya ilete fito na nyasi za kukijenga upya kijumba cha Bibi Nyamizi. Mwenyekiti ndiye atakayeezeka.