Kilichoganda Chini ya Kisu

Firdausi hamwamini mtu. Nasema hivyo nikiwa jirani yake wa baraza moja pale Tangini mwaka wa sita sasa, mimi na cherehani yangu, yeye na meza yake ya kutengenezea blenda, pasi na mashine ndogo za kusagia viungo. Mteja akimwambia kifaa kimezima chenyewe, anamuuliza, chenyewe au kilimwagiwa maji? Hata mimi ninayemletea uji kila asubuhi, nikigusa bisibisi yake ananitazama mkono mpaka niirudishe.

Simlaumu sana. Ufundi alifundishwa na mumewe, Mwinshehe, ambaye siku moja aliaga anakwenda kufunga mashine kwenye kiwanda kimoja Zegereni, na mpaka leo anafunga. Baadaye tukasikia ana nyumba nyingine Sofu. Mwanamke aliyeaminishwa hivyo ana haki ya kukagua.

Mashine za kusagia majani makavu ndizo anazozijua kuliko zote, maana akina mama wengi siku hizi wanauza unga wa mlonge na wa mchaichai. Mteja akitaka kununua, Firdausi humwambia aanze kuinusa kabla ya kuiwasha, kisha autikise mhimili wa kisu aone kama unacheza, kisha aiwashe tupu asikilize. Akishanunua, anapewa masharti: majani yawe yamekauka, saga nusu dakika uipumzishe, safisha kwa brashi, usitie maji chini, na kila mwezi ufungue kisu upanguse panapozunguka. Nati yake hufunguka kinyume, kwa hiyo ukilazimisha unaivunja. Mashine zilizotumika anazisafisha kwa kusaga mchele mkavu, konzi baada ya konzi, mpaka unga utoke mweupe. Na kila anayoiuza anaitia tone la rangi nyekundu ya kucha chini ya kitako, ili asije mtu akamletea ya kwingine adai matengenezo ya bure. Wivu wa fundi, mimi naliita hilo tone.

Alhamisi moja akaja mzee mmoja kutoka Kisarawe, shati limepigwa pasi vizuri, mashine ameifunga kwenye kipande cha kitenge. Alijitambulisha kuwa ni Hilario, katekista. Akasema mashine ya mkewe ikisaga inatoa harufu. Firdausi akamuuliza inasaga nini. Mzee akatazama barabarani, akajibu kwamba ni majani tu, kisha akasema ana shughuli mjini, atarudi alasiri.

"Majani tu," Firdausi akaniambia mzee alipoondoka. "Umemsikia?"

Nilimsikia, na mimi pia sikulipenda lile jibu.

Akafungua kisu. Juu kulikuwa na unga wa kijani, mkavu. Akaukwangua, na chini yake kukatokea utomvu mweusi unaonata, umeganda kuzunguka mhimili. Mota ilikuwa ikiupasha moto kila iwashwapo. Hatukuhitaji kuambizana. Harufu ya bangi haina mwenzake, na mtaani kwetu hakuna asiyeijua, hata wale wanaojifanya hawaijui.

Firdausi aliogopa. Alishusha turubai la mbele mchana kweupe. Mashine ilikuwa mezani kwake, na askari akipita hatauliza ni ya nani. Akaanza kumchambua yule mzee: shati lile, macho yale ya kukwepa, kitenge kile. Akasema watu wa kanisani ndio wanaojificha vizuri. Mimi Mwislamu mwenzake nikamwambia hata wa msikitini wanajua kujificha, tusimuonee mzee wa watu. Hakucheka.

Alasiri Hilario aliporudi, Firdausi hakumkaribisha kiti. Akamwonyesha kile kisu.

"Baba, shikamoo. Hii ni bangi. Nani anasaga bangi nyumbani kwako?"

Mzee aliitikia marahaba, kwa sauti ya kuchoka, kisha akakaa bila kukaribishwa. Akaeleza yote. Mkewe, Kristina, husaga mlonge na kuwauzia wanawake wenzake wa jumuiya ya kanisa. Mmoja wao, Vailet, alipeleka pakiti nyumbani, na mumewe, ambaye ni mgambo, akainusa akasema anaijua harufu hiyo. Tangu hapo Kristina anaitwa mama bangi. Jumuiya imemsimamisha, na Jumamosi mwenyekiti wa kitongoji atakutana nao waamue kama jambo hilo lifike polisi.

"Mke wangu hajui hata mmea wenyewe ukoje," alisema. "Nilidhani labda waya umeungua."

Firdausi alimsikiliza huku akitafuta uongo ulipo. Kisha akaigeuza mashine, kwa mazoea tu. Chini ya kitako palikuwa na tone jekundu.

Alimuuliza mkewe aliinunua wapi. Mzee akasema hapahapa Tangini, mwezi wa tatu, kwa mama fundi mmoja hodari, na leo ameelekezwa aje kwa huyohuyo.

Sikuweza kumtazama Firdausi, maana na mimi nilikuwepo siku mashine ile ilipoingia. Kijana anaitwa Eliya aliileta, akasema alikuwa akisagia tangawizi. Mchele wa kwanza aliousaga Firdausi ulitoka na harufu hiyohiyo. Tuliinusa sote. Akasaga mwingine, na mwingine, harufu ikafifia, na kwa kuwa Eliya alikuwa akiitoa kwa bei ya kutupa, hakukifungua kile kisu. Yeye, mkaguzi wa dunia nzima! Na mimi nilinyamaza nikaendelea kupinda pindo la gauni.

Firdausi akamwambia mzee aende, mashine ataipeleka mwenyewe Jumamosi. Mzee alipoondoka nilimpa Firdausi ushauri wa kijirani: isugue kwa spiriti, irudishe ikinukia sabuni, ufunge mdomo. Ukijitaja, polisi watakuja kwako. Nilikuwa namwonea huruma, na nakiri nilikuwa naogopa kwa ajili yangu pia. Firdausi aliifunga tena kwenye kile kitenge. Hakuisugua.

Jumamosi tulikwenda Kisarawe. Wanawake wa jumuiya walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani kwa Vailet, mwenyekiti kwenye kiti, Kristina pembeni peke yake, mkeka mzima wake. Firdausi aliamkia, akafungua mashine mbele yao, akawaonyesha unga wa mlonge juu na utomvu chini. Kilicho chini ndicho kilichotangulia, akasema, na aliyeiuza ikiwa hivyo ni mimi. Mwenyekiti akaandika jina lake na la Eliya, akamwambia atatakiwa kueleza haya kituoni. Firdausi akakubali.

Vailet akauliza kama alikuwa anajua.

"Niliinusa," Firdausi akajibu. "Sikutaka kujua."

Minong'ono ikapita. Ndipo Kristina aliposema kwa mara ya kwanza, bila kupandisha sauti.

"Mume wangu alipokuletea, ulimshuku nani?"

"Yeye. Halafu wewe."

"Na yule kijana aliyekuuzia?"

Nilidhani atadanganya, na ningemwelewa.

"Yule alikuwa ananiuzia rahisi, mama."

Kristina hakusema amesamehe, wala mimi sitamsemea. Alisogea kwenye mkeka wake, akapapasa mahali palipobaki, na Firdausi akaenda kuketi. Wanawake wengine walibaki walipokuwa.